Msoma mita wa mtaa usio na watu

Saa nne asubuhi. Jua limeshakuwa kali kiasi cha kumtoa jasho mtu aliyesimama tu, na mtaa mzima uko kimya kama maji mtungini.

Milango imefungwa, mapazia yameshushwa. Kwenye vizingiti majani makavu yamelundikana kana kwamba hakuna aliyefagia tangu mwaka jana, na vitasa vimeshika vumbi jeupe, laini. Hakuna nguo kwenye kamba. Hakuna kandambili mlangoni, hakuna mtoto wala kuku, na hata mbwa aliyelala chini ya ukuta ananyanyua kichwa, anatazama, kisha anakirudisha chini bila kubweka.

Mwanamke aliyevaa koti la buluu la idara ya maji anapiga magoti pembeni mwa barabara. Mkononi ana ufunguo wa koki, chuma kirefu chenye mpini wa kukingama. Anagonga nacho mfuniko wa kisanduku cha mita, anaufunua, anafuta kioo kwa kidole gumba, anasoma. Halafu anatoa chaki mfukoni na kuchora duara kwenye nguzo ya geti. Duara maana yake nyumba ni tupu.

Ndani ya nyumba hiyo tupu, mtu anapiga chafya.

Msoma mita hageuki. Anarudisha mfuniko, anajipangusa magoti na kusogea nyumba inayofuata.

"Umesikia nini?" anamuuliza mwandishi wa makala haya.

Chafya, anajibiwa.

"Basi hujazoea," anasema. "Mimi siku hizi nasikia upepo tu."

Mtaani wanamwita Mama Mfuniko, kwa sababu ya ule mgongano wake wa chuma kwa chuma unaotangulia kufika kabla yake. Ana miaka arobaini na sita, watoto wawili, na ameisoma mitaa ya upande huu wa jiji kwa miaka kumi na minne. Mume alishaondoka zamani. "Hakufa," anaeleza bila kuulizwa, "aliondoka tu, na kodi ya nyumba akaniachia." Akishakatwa makato yote, mshahara wake hubaki laki moja na themanini. Theluthi nzima huishia kwa mwenye vyumba viwili anavyopanga upande wa pili wa jiji.

Wote waliozungumza na gazeti hili wameomba majina yao yasitajwe. Wengine waliomba hivyo kwa kutikisa mkono tu, bila kufungua mdomo.

Ili kuielewa chafya ile, inabidi kuielewa bajeti.

Mwanzoni mwa mwaka halmashauri ya jiji ilitoa rasimu ya bajeti yake. Tozo ya huduma, inayobeba kwa pamoja taka, maji taka na taa za barabarani, ingepanda kwa nyumba yenye watu kutoka elfu kumi na mbili hadi elfu ishirini na moja kwa mwezi. Uniti ya maji ingepanda kwa theluthi. Kodi ya jengo nayo isingekubali kuachwa nyuma. Nyumba tupu peke yake ndiyo ingebaki palepale, kwenye elfu tatu.

Na nyumba tupu ni ipi? Rasimu ilijibu kwa mstari mmoja: ni ile ambayo mita yake haizidi uniti moja kwa mwezi, na ambayo msoma mita, katika ukaguzi maalumu kabla ya kura ya madiwani, hakuona dalili ya mtu.

Uniti moja ni lita elfu. Ukigawa kwa siku za mwezi unapata ndoo moja na nusu kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Watu wa mtaa huu walipiga hesabu hiyo, wakatazamana, wakaona inawezekana.

Hivyo ndivyo walivyohama bila kuhama.

Mwenye kujua mambo ya mtaa ni mzee mmoja mtengeneza redio, mtu wa utani mwingi na meno machache. Alikubali kumpokea mwandishi nyumbani kwake kwa sharti la kuingilia mlango wa uani na kuvua viatu. Sebuleni mlikuwa na giza la mchana, lile la kahawia linalopita kwenye pazia zito. Redio sita zilikuwa mezani, zote zimefunguliwa tumbo, hakuna hata moja inayotoa sauti.

"Najaribu kwa hii," alinong'ona, akionyesha kisikilizio cha sikio. "Mteja akija kuchukua redio yake namwambia inaongea. Ananiamini, maskini, maana mimi mwenyewe siongei."

Alieleza ufundi wa kutokuwepo kama anavyoeleza ufundi wa kazi yake. Vumbi la vitasa ni majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, yanapulizwa polepole. Ukiyapaka kwa mkono yanaonekana ya kupakwa. Nguo zinaanikwa chooni. Kitunguu hakikaangwi, kinachemshwa, kwa sababu harufu yake haina siri. Majani makavu yalikuwa mengi mwanzoni, lakini kila nyumba ilipoyataka, yakaadimika. "Nimemkamata jirani akiniibia majani mlangoni kwangu," alisema, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisichokuwa na sauti. "Nimshitaki wapi? Mimi sipo, na yeye hayupo!"

Mwandishi alicheka pia, halafu akagundua kwamba na yeye alikuwa amecheka bila sauti.

Mzee aliacha utani. Alisema kuna mambo yameanza kumtia hofu. Watoto wa nyumba ya pili wamebuni mchezo wa kukaa ukutani bila kupumua kwa nguvu, na anayetoa sauti wanamfunika shuka kama maiti. Mkewe alipokuwa hai walikuwa wakigombana mchana kutwa, na sasa hawezi tena kuikumbuka sauti yake akigomba, kimya kimeifunika. Na juzi, akipita mbele ya kioo cha kabati, alishtuka na kurudi nyuma.

"Nilimwona mtu," alisema. "Nikajiuliza, huyu kaingiaje humu?"

Mama Mfuniko anasema yote yalianzia kwake, na anaposema hivyo hatazami mtu usoni.

Mwishoni kabisa mwa mtaa, pale barabara inapokwama kwenye ukuta wa karakana iliyofungwa, pana nyumba ndogo ya vyumba vitatu. Ni ya mama yake mkubwa, dada wa mama yake mzazi, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Bibi huyo amekula chumvi nyingi. Alifua mashuka ya hospitali hadi viganja vikabadilika rangi, akajenga nyumba yake chumba kimoja baada ya kingine, na sasa anaishi kwa pensheni ya elfu arobaini. Tozo mpya, maji na kodi ya jengo vingekula zaidi ya robo tatu ya pensheni hiyo.

"Alinipigia simu usiku ule rasimu iliposomwa redioni," anasema Mama Mfuniko. "Akaniambia, mwanangu, wewe si ndiye unayeandika? Basi andika sipo."

Akaandika. Alichora duara la kwanza kwenye nguzo ya geti la mama yake mkubwa, kwa mapenzi, huku akijua kwamba akigundulika anamwaga unga. Ziara iliyofuata alikuta majirani wawili wameshafunga madirisha. Hakuna aliyemwomba chochote. Walimwachia majani mlangoni tu, wakanyamaza.

"Ningemchorea mama yangu, halafu wao niwakatalie kwa uso gani?" anauliza. "Nikachora. Nikachora tena. Ikafika mahali nikawa nachora bila hata kufikiri."

Kulikuwa na masharti kati yake na mama yake mkubwa. Ukaguzi ulifanywa Jumamosi na Jumanne, na siku hizo asigonge mlango wala kuita, maana mtumishi wa idara akionekana anazungumza na nyumba tupu, nyumba hiyo si tupu tena. Siku nyingine asije kabisa. Koti lake linajulikana. Simu ya bibi ilizimwa ili mlio wake usisikike. Kilichobaki ni mita.

Ndani ya kioo cha mita, chini ya tarakimu, kuna kigurudumu chekundu kisichozidi ukucha. Hata bomba likidondosha matone, kigurudumu hicho husogea. Bibi aliahidi kwamba kila asubuhi atakinga maji kidogo, na mtoto wake akija atakuta namba imesogea, atajua mama ameamka.

"Watu wanampigia mzazi simu," anasema Mama Mfuniko. "Mimi nilikuwa napiga magoti barabarani, nasoma mama yangu kaamka mara ngapi."

Siku kumi kabla ya ziara hii ya asubuhi, msimamizi wake alimwita ofisini na kumpa ramani mpya ya kazi. Rasimu ilikuwa imeongezewa ukurasa. Mitaa ambayo nyumba zake nyingi ni tupu ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, na maelezo yake yalikuwa mafupi: taa za barabarani zizimwe, gari la taka lisifike, koki ya bomba kuu ifungwe, ili jiji lisipoteze fedha kuhudumia wasiokuwepo. Mtaa wa mama yake mkubwa ulikuwa wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ukurasa huohuo ulisema kwamba ongezeko la tozo halitakuwa mzigo mkubwa kwa wananchi, kwa kuwa familia zitakazoguswa ni chache kuliko ilivyodhaniwa.

Hapo ndipo alipoelewa walichokifanya. Walijificha ili bajeti isiwaone, na bajeti, kwa kutowaona, ikapata njia nyeupe ya kupita.

"Nilidhani nawaficha wale watu," anasema. "Kumbe nilikuwa nawafuta, na chaki yangu mwenyewe."

Gazeti hili lilimpigia simu afisa mmoja wa hazina ya jiji kumuuliza kama wamepokea maoni ya wakazi wa mtaa huo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumhurumia anayeuliza.

"Hatujapokea maoni yoyote kutoka huko," alisema. "Wala hatukutarajia, ndugu. Mtaa ule hauna watu."

Turudi kwenye asubuhi yetu. Ni Jumanne. Mama Mfuniko anaushuka mtaa nyumba kwa nyumba, na mwandishi yuko nyuma yake. Kuna hisia moja ngumu kuieleza kwa mtu ambaye hajapita pale. Huoni jicho hata moja, lakini mgongo wako unajua kwamba unatazamwa. Mahali fulani bomba linafunguliwa kidogo na kufungwa haraka. Mahali pengine mtoto anaanza kucheka, na kicheko kinakatika katikati, ghafla mno.

Anakusudia kumwambia mama yake mkubwa habari za ramani leo hii, masharti au hakuna masharti. Amelala na wazo hilo wiki nzima. Anatembea haraka kuliko kawaida yake.

Anafika nyumba ya mwisho. Anagonga mfuniko, anaufunua, anafuta kioo. Anainama. Anafuta tena, safari hii kwa pindo la koti.

"Mwandishi," anasema, "hebu nisomee wewe."

Mwandishi anasoma tarakimu. Mama Mfuniko anatikisa kichwa. Ni namba ileile ya Jumamosi, hadi kwenye kigurudumu chekundu, ambacho kimesimama mahali palepale alipokiacha.

Nyumba imetulia mbele yao, majani mlangoni, majivu kwenye kitasa. Ni nyumba tupu iliyofanywa vizuri kuliko zote mtaani.

Wakati huohuo gari jeupe linakata kona na kusimama mwanzo wa mtaa. Msimamizi wake anashuka, pamoja na wanaume wawili wenye vitambulisho shingoni. Ni watu wa hazina, wamekuja kuhakiki maduara kabla ya kura. Mmoja anachomoa simu na kuanza kupiga picha nguzo za mageti.

Mama Mfuniko anawatazama. Anaitazama nyumba. Mtu yeyote aliyekuwa pale angeweza kuona anachokipima. Akiita, mama anatoka kwenye orodha ya nyumba tupu, majirani wote wanafuata, na yeye kazi basi. Asipoita, hajui kilichomo nyuma ya mlango ule.

"Mama!" anaita.

Sauti inagonga ukuta wa karakana na kurudi. Pengine ilikuwa sauti ya kwanza ya mtu mzima kupazwa mtaani pale kwa wiki kadhaa, maana mbwa alisimama.

"Mama! Mimi hapa! Mama, nijibu!"

Hakuna jibu. Anageukia nyumba za jirani, anauliza kwa sauti kama kuna mtu, kama kuna yeyote aliyemwona, jamani, kuna mtu? Mtaa ule una familia zaidi ya thelathini. Hakuna pazia lililotikisika. Mwandishi amehudhuria misiba mingi katika kazi hii, lakini hajawahi kusikia kimya cha watu wengi kiasi kile kwa pamoja.

Hapo Mama Mfuniko anaingiza ufunguo wa koki kati ya mlango na fremu, anausukuma kwa uzito wake wote, na mlango unaachia.

Ndani ni safi. Kitanda kimetandikwa. Kikombe kimoja kimefunikwa na sahani. Saa ya ukutani imetolewa betri, isilie tik-tak. Bibi yuko bafuni, sakafuni, mguu mmoja umekunjika vibaya, mgongo umeegemea ukuta na ndoo ndogo iko pembeni, imebaki maji ya kulowesha kiganja. Macho yako wazi. Mwandishi anadhani amekufa.

Kisha macho yale yanasogea, na bibi anaweka kidole midomoni.

"Shh," anasema. "Watakusikia."

Aliteleza Jumamosi jioni, saa chache baada ya ukaguzi. Aliishi kwa maji ya ndoo ile. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakupiga kelele ilhali ukuta wa bafu lake na wa jirani ni mmoja, alishangaa swali lenyewe.

"Ningepigaje kelele?" alisema. "Nyumba si tupu?"

Mama Mfuniko alitoka nje akilia waziwazi, kwa sauti, kama mtoto. Alisimama katikati ya barabara na kusema maneno ambayo mengine hayaandikiki gazetini. Aliwaambia majirani kwamba mama yake amevunjika, hawezi kumbeba peke yake, na kama wanataka kuendelea kutokuwepo basi waendelee, Mungu anawaona hata wakijificha.

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa mzee mtengeneza redio. Alitoka pekupeku, mkono umekinga macho. Ukafuata wa pili, wa tatu. Walitoka polepole, weupe wa majivu mikononi, wakipepesa macho kwenye jua kama watu waliotolewa shimoni. Vijana wawili walikwanyua ubao wa mlango uliovunjika, wakamlaza bibi juu yake, na watu kama hamsini wakamsindikiza hadi kwenye gari jeupe, ambalo ndilo gari pekee lililokuwepo.

Mmoja wa watu wa hazina alikuwa bado ameshika simu. Alikuwa ameacha kupiga picha.

"Hawa wote wametoka wapi?" alimuuliza msimamizi.

Msimamizi alifungua mlango wa nyuma, akasogeza mafaili, wakampakia mgonjwa.

Jirani wa ukuta mmoja na bibi ni mshonaji. Cherehani yake ina kelele, kwa hiyo siku hizi hushona kwa mkono, na vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, majani yamemshika sketi, akamwita mwandishi.

"Andika na hili," alisema. "Mimi nilimsikia. Jumapili, alikuwa anaguna. Nikasema moyoni, mama huyu anajisahau, atatuponza." Alibandua jani moja kwenye sketi. "Nikagonga ukuta ili anyamaze. Akanyamaza."

Alirudia neno hilo la mwisho mara mbili, akiangalia vidole vyake.

Hayo yalitokea wiki tatu zilizopita. Nyonga ya bibi ilipata ufa, na madaktari wanasema itaunga, taratibu, kwa umri wake. Mama Mfuniko amesimamishwa kazi bila malipo hadi uchunguzi umalizike. Msimamizi wake, ambaye alikubali kuzungumza kwa dakika mbili mlangoni, alionekana kuumia kuliko kukasirika.

"Angenivuta pembeni akaninong'oneza, ningetafuta namna," alisema. "Sasa kaita mbele ya hazina. Nifanyeje mimi?"

Nyumba zaidi ya ishirini zimepangusa vitasa na kufagia vizingiti. Zilizobaki zimerudia kunyamaza, na mwandishi aliporudi wiki iliyopita aliona duara jipya la chaki kwenye geti moja, limechorwa na mkono usiokuwa wa idara. Rasimu haijabadilishwa. Ukurasa wenye ramani ya kijivu bado umo. Kikao cha maoni ya wananchi ni Alhamisi ijayo, na madiwani watapiga kura siku hiyohiyo jioni.

Kwa sasa Mama Mfuniko analala kwa mama yake mkubwa, yeye na wanawe, kwenye vyumba vile vitatu. Vyumba vyake vya kupanga amevirudisha. Asubuhi anauza maandazi kwenye kona ili mkono uende kinywani, na mchana anamgeuza mgonjwa, anamnyoosha mguu, anamlazimisha kunywa maji. Hilo la mwisho ni vita. Bibi bado hupima maji kwa macho. Ukimpa glasi nzima hunywa nusu, na nusu huifunika kwa sahani.

Na bado ananong'ona. Daktari amemtazama koo, hakuona kasoro. Sauti haipo tu.

"Anasema anaitafuta," anaeleza Mama Mfuniko. "Anafungua mdomo, anajikaza, inatoka hewa. Usiku nikimsikia anajaribu, nywele zinanisimama. Ni mama yangu, nimelelewa na sauti ile, ilikuwa inaniita kutoka hapa, na kule mwanzo wa mtaa nasikia. Sasa namsikia anavyoikosa."

Mpango wake ni wa Alhamisi. Amekopa kiti cha magurudumu kutoka zahanati ya jirani, na vijana wawili wameahidi kukisukuma. Atasimama kikaoni na kusema kwamba maduara yote ya mtaa ule ni yake, kwamba kila moja lilikuwa na watu ndani, na kwamba alijua. Rafiki zake kazini wamemwonya kwamba akisema hayo hadharani, uchunguzi hauna haja ya kuendelea. Anajua.

"Kazi nitalia nayo," anasema. "Lakini wakipiga kura ile, wapige huku wanatutazama. Hicho tu. Nitakuwa nimekaa pale mbele, na mama yangu pembeni."

Mwandishi alimgeukia bibi na kumuuliza kama na yeye amejiandaa kusema chochote mbele ya madiwani. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, ile mikono iliyofua mashuka ya watu wengine maisha yote. Ilibidi mwandishi ainame karibu kabisa na mdomo wake.

"Nitawasalimia kwanza," alisema bibi. "Halafu nitasubiri waitikie."